Mwenye Kiu Mlangoni

Mja mzito hasimami mlangoni. Akitoka, atoke, akiingia, aingie. Akisimama pale katikati, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mtoto naye siku yake ikifika atasimama vivyo hivyo, asitoke wala asirudi. Sheria hiyo Qupanuk aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kama alivyoijua kila msichana wa Tasirruaq, kijiji cha kaskazini penye barafu, enzi zile wasichana walipokuwa bado wanafundishwa kitu.

Alikuwa mwanamke wa kawaida. Miaka ishirini na saba, mfupi, mashavu mapana, kicheko cha puani. Mchana alisimama nyuma ya meza ya duka la ushirika akiuza chai, sukari, risasi na mafuta ya taa. Jioni alirudi kwa mumewe Putulik, mwindaji, na binti yao wa miaka mitano. Hakuna jambo katika maisha yake ambalo lingemfanya mtu ashike kalamu, isipokuwa yale yaliyompata mimba yake ya pili ilipoingia miezi mitatu ya mwisho, katika msimu ule ambao jua halizami.

Mimba ya kwanza alikwenda kuizalia kusini, kama serikali ilivyokuwa imeanza kuamuru. Wiki nne kabla ya siku zake za kujifungua alipandishwa ndege, akawekwa katika nyumba ya kungojea yenye vyumba kumi na viwili na wanawake kumi na wawili, kila mmoja na tumbo lake mbele na watu wake nyuma, mbali. Wakala viazi. Wakatazama ukuta. Alipojifungua, karani akauliza jina la mtoto, na kwa kuwa hapakuwa na mzee wa kuliita, karani akachagua moja kutoka kichwani mwake, akaandika, akapiga muhuri. Mtoto akalia wiki tisa. Alilia akinyonya, akalia akilala, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Walipomrudisha Tasirruaq, mkunga mzee Aalasi alimtazama usoni kwa kitambo, akainama, akamnong'oneza jina la marehemu babu yake mzaa baba. Mtoto akanyamaza pale pale.

"Alikuwa anatafuta mtu wa kumtambua," Aalasi alisema. "Hata wewe ungelia."

Kwa hiyo Qupanuk hakuhitaji kuelezwa kwamba jina ndilo mtu mwenyewe. Aliyekufa hungoja. Mwanamke akishika mimba, humjia usingizini na kumwomba maji. Akipewa akanywa, mambo yamekwisha: huyo ndiye anayekuja. Asipopewa, hubaki na kiu yake, na mtoto hubaki bila mwenyewe.

Na undugu wao ulifuata majina. Qupanuk alipewa jina la mama mzazi wa Aalasi; alikuwa somo wake. Basi ajuza yule wa miaka sabini na miwili alimwita msichana "mama", na Qupanuk akamwita ajuza "mwanangu", na hapakuwa na wa kucheka. Ilikuwa hivyo tangu siku Aalasi alipompokea kwa mikono yake juu ya ngozi za kulungu, akamkata kitovu na kumwambia, "Umerudi, mama. Safari hii usinipige."

Aalasi alikuwa na mtoto mmoja tu aliyekua, Tulugaq. Majira matatu ya kuchipua yalikuwa yamepita tangu Tulugaq alipowasha pikipiki yake ya theluji, ile iliyokuwa ikikohoa mara mbili kisha kunguruma, akaenda ukingo wa barafu kuwinda sili, wale wanyama wa baharini. Hakurudi. Wanaume walitafuta siku kumi na moja. Hawakuona pikipiki, wala bunduki, wala hata kipande cha kamba. Mama yake hakulia. Alikifunika kikombe cha mwanawe mezani kifudifudi, tayari kugeuzwa, na kila mwaka alimshonea jozi mpya ya viatu vya ngozi ya sili, kwa kuwa vya zamani, alisema, vitakuwa vimeisha soli kwa kutembea.

Tangu hapo watoto wanne walikuwa wamezaliwa na watu wa Tasirruaq. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Tulugaq. Nani angethubutu? Kumpa mtoto jina lile kungekuwa kuingia nyumbani kwa Aalasi, kukichukua kikombe kile na kukirudisha kabatini.

*

Ndoto ya kwanza ilikuja mimba ikiwa na wiki ya ishirini na tisa. Qupanuk alilala kwa ubavu wa kushoto, kama nesi alivyomwagiza, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia jua. Akaota yuko katika chumba kile kile, blanketi lile lile, mwanga ule ule wa njano ukipenya pembeni. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Mtu alisimama upande wa nje, koti jeupe la mawindoni likimganda mwilini, maji yakimchuruzika mikononi.

"Bibi," mtu yule alisema, "nina kiu."

Aliijua sauti. Duniani mtu mzima mmoja tu ndiye aliyewahi kumwita yeye bibi. Alikuwa akimtania hivyo dukani: bibi, nikopeshe tumbaku; bibi, mbona hujazeeka?

Qupanuk aliiona ndoo ya maji karibu na jiko, na kata ikielea juu yake. Hatua tatu tu. Akageuka, akatazama ukuta, mpaka akaamka.

Asubuhi Putulik alikuwa amechuchumaa kizingitini na kitambaa. "Nani kaingia na viatu vilivyoloa?" aliuliza. "Tumeishi hapa miaka minane hujajifunza kukung'uta miguu."

"Si mimi."

"Basi ni mimi. Kila kitu humu nyumbani ni mimi, hata mimba." Akakamua kitambaa ndani ya ndoo, akakinusa kidogo, kisha akakinusa tena.

Kuanzia siku hiyo Qupanuk alikuwa na jambo moja moyoni: aliyekuja kwake alikuwa mwana wa Aalasi, na kumkubali kulikuwa kumuua mara ya pili mbele ya mama yake. Akajiambia kwamba ndoto si amri. Kuna marehemu wengine wengi wema; mmoja wao atakuja, atakunywa, na mambo yatakuwa mepesi. Wanawake wenye mimba pevu hujiambia mambo mengi.

Mwili wake nao ulikuwa na habari zake. Kiungulia kilimpanda hata kwa mchuzi wa samaki. Pumzi zilimkatika kwa kupanda ngazi mbili za duka. Alikwenda kukojoa mara nyingi hata wateja wakaanza kumtania kwamba bei ya sukari hupanda kila akitoka. Jioni tumbo lilikaza likawa gumu kama jiwe, likalegea tena. Uchungu wa uongo, unaopita na hewa. Na vifundo vya miguu vilijaa mpaka vikapoteza umbo.

Nesi Doreen, mwanamke mrefu wa kusini aliyekuwa na mwaka wa pili pale zahanati, alimpima kila wiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi.

"Mikono imevimba?"

"Kidogo."

"Na uso?"

"Uso wangu uko hivi tangu nizaliwe."

Doreen akacheka, akaandika. "Sikiliza. Kuanzia sasa, kila siku baada ya kula, lala uhesabu anavyocheza. Akicheza mara kumi ndani ya saa mbili, vizuri. Akipunguza, njoo. Kichwa kikikugonga bila kuacha, au ukiona vimulimuli machoni, njoo. Damu, njoo. Chupa ikipasuka, njoo hapo hapo, usingoje asubuhi."

"Asubuhi gani, nesi? Jua lenyewe halijazama tangu mwezi uliopita."

"Wewe njoo tu. Na begi liwe tayari. Nguo zako, nguo za mtoto, kadi. Ndege yako ni wiki ya thelathini na sita. Utakwenda kungojea kule."

"Najua kule," Qupanuk alisema.

*

Aalasi naye alikuja kila wiki, bila karatasi. Tangu amri itoke alikuwa hazalishi tena, ila hakuna aliyeweza kuamuru mikono yake isiguse. Aliingia bila kubisha, akavua viatu, akaketi kitandani, akaweka viganja vyake juu ya tumbo, akafumba macho.

"Ukiamka unatoka nje upesi, ili mtoto naye atoke upesi?"

"Natoka, mwanangu."

"Mwongo. Mama yangu alipokuwa hai alitoka kama mshale. Sasa amerudi mvivu." Akasukuma kidogo, akasikiliza. "Na hiyo skafu shingoni?"

"Baridi."

"Kitovu kitamzunguka mtoto shingo, wewe unaongea baridi. Vua. Ulichoanza kukishona, umekimaliza?"

"Bado mkono mmoja."

"Maliza. Mtoto hujifunza kwako. Ukiacha mambo nusu, naye ataacha nusu." Viganja vikasimama. "Amelala kama mkanda, huyu. Kichwa huku, miguu kule. Anasubiri nini?"

Qupanuk alitazama dari. "Labda amechoka."

"Mtoto ambaye hajazaliwa amechoshwa na nini?" Ajuza alianza kusukuma polepole, kiganja kimoja juu na kimoja chini, kama mtu anayegeuza mtumbwi majini. Ilichukua muda mrefu, na iliuma. Hatimaye tumbo likapinduka kwa wimbi moja kubwa, na kichwa kikashuka mahali pake. Aalasi akajipangusa jasho. "Amegeuka. Ila hakutaka." Kisha, kana kwamba hilo lilikuwa mwendelezo wa habari ile ile, "Jana nimeisikia pikipiki yake. Kule ghubani. Nikaweka birika jikoni."

"Barafu imeshapasuka, mwanangu. Pikipiki haiwezi kupita."

"Najua barafu imepasuka. Nina macho." Akavaa viatu. "Lakini nimeisikia."

Putulik, aliyekuwa akisafisha bunduki pembeni, hakuinua uso. Ajuza alipotoka alisema, "Maskini. Hakuna pikipiki."

"Hakuna," Qupanuk alisema. Yeye pia alikuwa ameisikia. Ilikohoa mara mbili, ikanguruma.

Ndoto zilizidi kusogea. Wiki ya thelathini na mbili Tulugaq alikuwa juu ya kizingiti. Wiki ya thelathini na nne alikuwa ameshika miimo yote miwili, ameinamisha kichwa, asiyeingia kwa sababu hajakaribishwa, asiyeondoka kwa sababu hana pa kwenda. Hakutisha kwa lolote alilofanya. Alitisha kwa uvumilivu wake. "Bibi, nina kiu." Hakubadilisha neno, wala hakupandisha sauti. Na kila alipoamka, Qupanuk aliuweka mkono tumboni akahesabu mpaka kumi, na kila mara mtoto alikuwa kimya mpaka Putulik amalize kupangusa sakafu.

Mara moja alijaribu kusema. Alikwenda kwa Aalasi na kipande cha nyama ya kulungu, akaketi, akafungua kinywa. Ajuza alikuwa akitafuna ukingo wa soli ya ngozi ili ilainike, soli ya kiatu kikubwa cha mwanamume. Kikombe kilikuwa mezani, kifudifudi, bila vumbi.

"Sema, mama. Umekuja na maneno, nayaona yamekujaa mashavuni."

"Nimekuja na nyama tu."

"Haya. Kata basi."

Akakata nyama, wakala.

*

Siku ya ndege ilikuwa nyeupe, haina upepo. Begi lilikuwa limefungwa kwa kamba. Putulik alitangulia na begi, Aalasi alisimama njiani na wanawake wengine kumuaga, na Qupanuk akavaa koti, akambusu binti yake, akatoka.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshakanyaga nje aliposikia kikohozi kile cha pikipiki. Mara mbili. Kisha mngurumo, ukitoka ghubani ambako hapakuwa na kitu ila maji meusi na vipande vya barafu. Alisimama. Mngurumo ulikuja moja kwa moja kuelekea nyumbani kwake, ukaja, ukaja, ukazimika hatua chache mbele yake, na harufu ya petroli na maji ya chumvi ikampiga usoni. Akashika miimo kwa mikono miwili. Hakujua amekaa hivyo muda gani.

"Mama," ilikuwa sauti ya Aalasi, ya chini sana. "Mama, ondoka mlangoni."

Akatazama chini. Mguu mmoja nje, mmoja ndani. Akauvuta wa ndani kama mtu anayeung'oa kwenye matope. Wanawake wote walikuwa wameona, na wote walijitia kutazama kwingine.

Ukungu ukaja kabla hawajafika uwanjani. Ulipanda kutoka ghubani ukiwa mzito kama sufu, ukafunika duka, kanisa, matangi ya mafuta. Waliisikia ndege ikizunguka juu yao, karibu, mbali, karibu tena. Haikuonekana. Ikarudi ilikotoka.

Ukungu ulikaa siku nne. Siku ya tatu, Qupanuk akiwa amechuchumaa akimaliza mkono ule wa koti la kubebea mtoto, chupa ilipasuka.

*

Nesi Doreen aliyafanya yote yaliyo kwenye karatasi, na mengine ambayo hayamo. Alizungumza na daktari kwa redio mpaka redio ikakatika. Uchungu ulikuja vizuri mwanzoni, ukakaribiana, ukawa mkali. Saa kumi na nane zikapita. Kichwa kilikuwa chini lakini juu ya mlango wake, hakishuki hata upana wa kidole.

"Nilizalisha watoto mia kwetu kabla sijaja hapa," Doreen alimwambia Putulik kwenye ukumbi. "Huyu hakuna kinachomzuia. Nyonga ni pana, mtoto si mkubwa. Amesimama tu."

"Alisimama mlangoni," Putulik alisema.

"Nani?"

Putulik alikwenda kumwita Aalasi. Doreen alimtazama ajuza akivua koti lake, akaangalia karatasi zake, akazisukuma pembeni. "Aingie," alisema. Kwa neno hilo alikuja kuadhibiwa baadaye.

Aalasi alimwinua Qupanuk kutoka mgongoni, akampigisha magoti sakafuni juu ya blanketi, akakaa nyuma yake na kumkumbatia chini ya matiti. Halafu akaanza kuita. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa: mtoto akikawia, mkunga huwaita marehemu mmoja mmoja, kila uchungu na jina lake, mpaka mwenyewe asikie na kutoka.

"Arnaquq," aliita. Uchungu ukaja, ukapita. Hapana kitu.

"Kuutuq." Hapana.

"Anafanya nini?" Doreen alinong'ona.

"Anauliza ni nani," Qupanuk alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Paniluk, uliyependa mafuta ya nyangumi. Njoo, mchoyo wee." Hapana. Aliwaita waliokufa kwa njaa na waliokufa kwa kikohozi cha kifua, waliozikwa chini ya mawe na waliozikwa mbali kusini katika mashamba ya makaburi wasiyoyajua. Aliita kwa utaratibu, kama anayepita nyumba kwa nyumba. Sauti ilimkauka. Na kila jina lililopita uchungu ulipungua, ukawa mwepesi, ukawa kama ule wa uongo, hata ukakoma kabisa.

Doreen alipiga magoti, akaweka kile kidude chake cha kusikilizia kilicho kama tarumbeta ndogo. Alisikiliza kwa muda mrefu mno. "Mapigo yanashuka," alisema.

"Wamekwisha," Aalasi alisema. "Wafu wote ninaowajua wamekwisha."

Ndani ya chumba kile kila mmoja alijua kwamba amebaki mmoja. Hata Doreen, aliyekuwa amekunywa chai mara nyingi pembeni ya kikombe kile, alijua.

"Mama," Aalasi alisema sikioni mwa Qupanuk. "Nani amekuomba maji?"

"Hakuna, mwanangu."

"Mama yangu alikuwa mkali, alikuwa mchoyo wa sukari. Mwongo hakuwa."

Qupanuk alifumba macho, na hata kwa macho yaliyofumbwa aliuona mlango, na mikono iliyoloa juu ya miimo. Chini ya mkono wake tumbo lilikuwa limetulia kama maji ya ndooni. Akajua kwamba hawezi kuwaokoa wawili, mtoto na yule wa mlangoni, bila kumuumiza wa tatu, aliyemkumbatia.

"Ni mjukuu wangu," alisema.

Mikono iliyomkumbatia haikulegea.

"Yukoje?"

"Ameloa."

"Amevaa nini?"

"Koti jeupe. Kofia hana."

"Kofia nilimwambia achukue," Aalasi alisema. "Iko msumarini mpaka leo." Kisha akauliza, "Anakuja tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba wa mimba. Sikumpa. Nilikuwa nakuogopea wewe."

"Miezi miwili mtu amesimama mlangoni na kiu," ajuza alisema polepole, "na ninyi mnaniogopea mimi."

Alimwegemeza Qupanuk kwa Doreen, akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda. Akachukua kikombe kwenye sinki, akajaza maji ya bomba, akaufungua mlango wa chumba. Nje yake, juu ya sakafu ya plastiki iliyodekiwa jioni ile, palikuwa na madimbwi mawili madogo ya maji, kama ya miguu miwili iliyosimama kwa muda mrefu. Doreen baadaye alisema huenda ni Putulik. Putulik alikuwa na soksi tu, kavu.

Aalasi hakuyatazama. Alitazama juu zaidi, mahali ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Tulugaq," alisema. "Ingia, mwanangu. Usisimame mlangoni."

Akasogea pembeni, kama anayempisha mtu. Kisha akarudi, akapiga magoti, akamtia Qupanuk kikombe mdomoni. "Kunywa. Yote." Qupanuk akanywa. Yalikuwa maji ya bomba la zahanati, yale yale wanayosukutulia watoto meno. Lakini aliyasimulia mpaka uzeeni: yalikuwa na chumvi.

Uchungu ulimrudia kabla kikombe hakijafika sakafuni. Mara tatu alisukuma, na mara ya tatu mtoto akatoka mzima kwa mkupuo mmoja, akateleza mikononi mwa Aalasi kama samaki. Alikuwa wa kike. Jina halichagui hilo. Mikono yake na miguu ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka nje, na Doreen alimfunga blanketi tatu kabla hajapata joto. Hakulia. Alifungua macho, akatazama chumba, kisha akaanza kunyonya hewa kwa kiu.

*

Ukungu uliondoka kesho yake. Ndege ya mwezi uliofuata ikaleta barua ya onyo kwa Doreen, na kabla ya theluji ya kwanza alikuwa amehamishwa. Amri nayo ikakazwa: wanawake wa Tasirruaq wapelekwe mapema zaidi, wiki ya thelathini na nne, ili ukungu usiwakute. Wanaendelea kupelekwa. Wanazaa salama, karatasi zinasema hivyo, na sina sababu ya kubisha karatasi. Fomu ina nafasi ya jina, karani hujaza. Hakuna anayeita, na watoto hulia, na mama zao hupewa dawa ya matone ya kupunguza gesi.

Aalasi alikaa siku moja nyumbani kwake na mlango umefungwa. Siku ya pili alikuja kwa Qupanuk na mfuko. Alikuwa amezifumua zile jozi tatu za viatu vya mwanamume, amekata ngozi, ameshona jozi moja ndogo ya kutosha kidole gumba. Mkononi alishika kikombe, kimegeuzwa juu.

Alimchukua mtoto, akamvika viatu, akaketi naye karibu na dirisha. Putulik alitoka nje. Qupanuk alijilaza, akitazama.

"Mwanangu," ajuza alimwambia mtoto, "umekawia." Alimpangusa midomo kwa kidole kilicholoa maji. "Kofia hukuchukua. Nilikwambia." Mtoto alilamba kidole kile, kimya, akitazama uso wake. "Haya, niambie. Ulikuwa wapi muda wote huo?"

Mtoto alikuwa na siku mbili tu duniani, na watoto wa siku mbili hawajui kugeuza shingo kwa makusudi. Aligeuza, polepole, mpaka macho yake yakafika dirishani, yakapita paa la duka na matangi ya mafuta, yakatua kule ghubani penye maji meusi. Hapo yakabaki.

Aalasi alifuata macho yale, akatazama naye. Kisha akamwambia Qupanuk, "Mama, teremsha hilo blanketi lifunike dirisha. Kule ameshapaona vya kutosha."